Kibali Kifuate Kalenda ya Mpunga

Majimoto nyumba hujengwa kwanza, kibali hutafutwa baadaye. Mnunuzi huandikishana na muuzaji mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, hupewa karatasi yenye muhuri, eneo hupimwa kwa hatua au kwa kamba, kisha anaitwa fundi. Afisa mipango miji wa halmashauri huiona nyumba hiyo ikiwa imeshapauliwa, na mara nyingi huja na kopo la rangi nyekundu ya kuchorea alama ya X mkononi. Wengi wanamfahamu kwa kopo hilo tu. Wakimwita mtu wa kubomoa, mimi siwalaumu.

Mji huu uko Bonde la Ziwa Rukwa, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoani Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Jina umelipata kwa chemchemi za maji ya moto, lakini kinachovuta watu ni mpunga. Wapimbwe ndio wenyeji. Baada yao wakaja Wasukuma na ng'ombe wao na majembe yao, wakafuata wenye mashine za kukoboa, wenye maghala, wenye nyumba za kulala wageni na wenye maduka ya pembejeo. Kila aliyefika alijenga pale alipopata nafasi. Leo gari la zimamoto likiitwa usiku, kuna nyumba ambazo halitazifikia, kwa sababu njia ya kuziendea ni uchochoro wa baiskeli.

Wala si kwamba Katavi haijawahi kuona makazi yaliyopangwa kabla ya watu kuhamia. Katumba ilianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Porini kulichongwa barabara, vijiji vikapewa mipaka, kila familia ikakatiwa eneo lake, shule na zahanati zikatengewa nafasi. Mwaka 2014 wakazi zaidi ya 160,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu, Tabora, walipewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo tuna jambo la kuchekesha kidogo mkoani kwetu: waliokuja kama wageni walipangiwa, wenyeji wakaachwa wajipangie.

Kisheria, tofauti kati ya kujenga kwa ruhusa ya kijiji na kujenga kwa kibali cha halmashauri inaanzia kwenye aina ya ardhi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mtu anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Eneo linapoanza kuwa mji, waziri mwenye dhamana ya ardhi anaweza kulitangaza kuwa eneo la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Kuanzia hapo huruhusiwi kuendeleza ardhi bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo ni halmashauri. Shamba ni lile lile na mwembe ni ule ule, ila sheria imebadilika juu yake. Mwenye shamba huenda asisikie tangazo hilo mpaka siku atakapoulizwa kibali.

Hicho kibali kinapitia mikono mingi. Mwombaji anapeleka uthibitisho wa umiliki na michoro ya usanifu. Kama ni ghorofa, na michoro ya uhandisi. Afisa ardhi anaangalia kama kiwanja ni cha mwombaji kweli, na kama hakijakaa juu ya njia au eneo la shule. Afisa mipango miji anaangalia matumizi na umbali kutoka mpakani. Mhandisi anaangalia uimara. Afisa afya anaangalia choo, hewa na mwanga, na hasa choo kiko umbali gani kutoka kisimani. Kwa nyumba ya wageni au kituo cha mafuta, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo lina lake la kusema, na afisa mazingira pia. Siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo imehamia kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ambako maombi yanaingizwa na malipo yanafanyika kwa mtandao. Ni hatua nzuri. Lakini mfumo hauwezi kwenda kuchungulia shimo la msingi, wala hauchori ramani ya nyumba kwa mtu asiye na ramani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa taaluma ya majengo, ambao kila mwaka wanasema tatizo ni uelewa mdogo wa wananchi. Wananchi wa Majimoto wanaelewa vizuri sana. Wanafanya hesabu.

Mvua za huku zinaanza Novemba na kuishia Aprili. Mpunga unavunwa kati ya Mei na Julai, fedha inaonekana Julai na Agosti. Matofali yanafyatuliwa na kuchomwa kiangazi, maana tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Msingi unachimbwa Agosti au Septemba, kuta zinapanda Oktoba, na bati lazima liwe juu kabla mvua hazijakolea. Mwenye nyumba ana miezi kama minne, basi. Faili lake likilala miezi miwili kwenye meza ya mtu, hajapoteza miezi miwili, amepoteza mwaka. Na fedha ya mpunga haikai ndani mwaka mzima: kuna ada za shule, kuna mgonjwa, kuna shemeji mwenye shida, kuna ng'ombe anayeuzwa kwa bei ya kutamanisha. Mtu huyo akichagua kujenga Jumamosi na Jumapili, siku ambazo ofisi zimefungwa, amefanya jambo ambalo hata mimi ningelifikiria.

Mji wa Chicago kule Marekani uliligundua jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 2005 ulianzisha utaratibu wa vibali vya kijani: mwendelezaji anayesanifu jengo linalotunza nishati na maji alipitishiwa kibali chake kwa muda mfupi kuliko wengine. Hawakumpa ruzuku kubwa. Walimpa siku, kwa sababu kwa mwenye mkopo wa benki kila siku ya kusubiri ni riba. Huku kwetu anayesubiri halipi riba. Anakimbizana na mawingu. Kanuni ni moja: kibali kinachokuja kwa wakati kinafuatwa, kinachochelewa kinakwepwa.

Ukitaka kuona gharama ya kukikwepa, angalia kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndiyo maana nchini kuna alama mbili za X. Nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya mita 22.5 za zamani, naye hulazimika kuondoka bila fidia. Kijani ni kwa aliyekutwa na upanuzi, yaani ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa, huyo anastahili kulipwa eneo lake likihitajika. Sasa fikiria barabara ya kutoka Kibaoni kupita Majimoto kuelekea Inyonga. Maduka yote yanaifuata barabara, maana wateja wako huko. Vumbi likiwapo, hakuna anayepima. Siku habari za lami zikifika, futi kamba inatoka, na mtu aliyeweka akiba ya miaka kumi kwenye fremu nne za maduka anaambiwa fremu mbili zipo barabarani. Kibali cha ujenzi kingemwambia hivyo siku ya kwanza, kwa ada isiyofika hata bei ya mlango mmoja wa chuma.

Barabara angalau unaiona. Udongo hauonekani, na kwa mtaalamu wa majengo udongo ndio unaotisha zaidi katika bonde hili. Sehemu kubwa ya ardhi inayofaa mpunga ni udongo mweusi wa mbuga. Septemba ni mgumu kama jiwe, unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Fundi anachimba futi mbili, anaona kagusa pagumu, anapanga matofali. Januari udongo ule ule unakunywa maji na kuvimba, unainua pembe moja ya nyumba na kuiacha nyingine. Kiangazi kikirudi unasinyaa. Baada ya misimu michache unaona ufa unaopanda ukutani kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali kutoka kwenye kona ya dirisha. Wenyewe huuziba kwa saruji na kupaka rangi, na mwaka unaofuata unafunguka tena.

Dawa yake inajulikana na si ya gharama ya kutisha, ila inafanyika chini ya ardhi tu. Chimba mpaka uupite udongo huo, au uutoe na kujaza changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Funga mkanda wa zege lenye nondo chini ya kuta zote. Zungushia nyumba kibaraza cha zege ili maji ya paa yasitue kwenye msingi. Zege lichanganywe na maji yanayonyweka, maana chumvi hula nondo, na bonde hili, lenye ziwa la maji ya chumvichumvi na chemchemi zinazotoka kina kirefu, si mahali pa kuchota maji ya kujengea popote unapoyakuta.

Kuna sababu ya pili ya kusisitiza mkanda wa zege. Tuko ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne ile. Wakati huo nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, nazo zikianguka haziui kama matofali yanavyoua. Kagera ilikumbushwa Septemba 2016 kwa tetemeko la 5.9, ambalo liliua watu Bukoba na kuangusha nyumba nyingi za matofali yasiyofungwa kwa zege. Lenta inayozunguka nyumba yote bila kukatika, badala ya vipande juu ya madirisha tu, ndiyo tofauti kati ya ukuta unaopata ufa na ukuta unaowalalia watoto. Inaongeza mifuko kadhaa ya saruji na nondo chache. Fundi akiambiwa ataifunga. Asipoambiwa, atafuata bajeti ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo ukiniuliza katika ukaguzi wote unaotajwa kwenye kanuni, wa msingi, wa jamvi, wa lenta, wa paa na wa mwisho kabla ya kuhamia, ni upi usiosameheka, nitasema wa msingi. Paa unaweza kulikagua hata baada ya miaka mitano. Msingi ukishafukiwa, kinachobaki ni neno la fundi.

Na tusijidanganye kwamba makaratasi yenyewe yanatosha. Nchini kuna bodi zote: ya wahandisi, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, ya makandarasi. Hata hivyo Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36, na Novemba 16, 2024 ghorofa la Kariakoo, jijini humo humo, likaanguka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani; waliokufa walizidi 20. Baada ya Kariakoo Waziri Mkuu aliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Kamati ya kukagua baada ya mazishi ni jambo la lazima, lakini ni ukaguzi wa gharama kubwa kuliko wote. Majimoto bado haijaanza kushindana kwa ghorofa. Imeanza kuwaza, ukisikiliza mazungumzo ya wenye maghala. Huu ndio wakati wa mhandisi wa halmashauri kuzoeleka kama mtu anayepita saiti, wala asisubiri ghorofa la kwanza.

Sasa niseme kuhusu ujenzi wa kijani, maneno ambayo yakitamkwa kwenye semina watu huona vioo vya bluu na bustani juu ya paa. Duniani kuna vyeti vingi vya aina hiyo. LEED ya Marekani inatoa alama na daraja. EDGE, ya shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, inataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji linayotumia, na kiasi kama hicho kwenye mzigo wa vifaa vyake kwa mazingira. Singapore ilifanya kiwango cha chini cha kijani kuwa sharti la majengo mapya mwaka 2008. Karibu nasi, Rwanda iliingiza masharti ya chini ya majengo ya kijani katika kanuni zake za ujenzi mwaka 2019, yakilenga majengo makubwa. Nairobi, ofisi za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri zilizofunguliwa 2011 zimeezekwa paneli za jua.

Vyote hivyo ni vizuri, na hakuna hata kimoja kitakachomgusa mwenye nyumba ya vyumba vitatu Majimoto. Ila wazo la Singapore na Rwanda linafaa kuibwa: ukijani ukae ndani ya kibali cha kawaida, pasiwe na cheti cha pembeni cha kununua. Na huku kwetu orodha ya kuanzia ni fupi, nayo inahusu moto na joto.

Moto ni wa tanuru. Tofali la kuchoma ndilo linalojenga Katavi, na linachomwa kwa magogo ya miombo, miti ile ile inayokaushia tumbaku na kutoa mkaa, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wataalamu tuna jibu la haraka: tumieni matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Teknolojia hiyo tunayo nyumbani. Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi kilichoanzishwa 1971, ambacho mwaka 2001 kiligeuka kuwa wakala wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, kimeihubiri kwa miaka, na Shirika la Nyumba la Taifa liliwahi kuwagawia vijana wa halmashauri mashine za kuyafyatua. Lakini tofali hilo linataka udongo mwekundu wenye mchanga. Ule mweusi wa mbuga haulifai. Linataka saruji pia, na saruji inayosafiri mpaka bondeni inafika ikiwa imebeba bei ya barabara yote. Afisa akipiga marufuku tofali la kuchoma leo, atakuwa ameongeza biashara ya usiku tu.

Mimi ningeanza na pumba. Kila mashine ya kukoboa hapa ina kichuguu cha pumba za mpunga nyuma yake, ambacho mwenye mashine hulipia watu wakitupe au hukichoma tu hewani. Mafundi wa maeneo mengine ya mpunga nchini huchoma matofali kwa pumba hizo. Zinawaka polepole, zinajazwa katikati ya matofali na juu yake, na tanuru hupoa baada ya siku kadhaa likiwa limetoa tofali zuri. Fomu ya kibali ikiuliza swali moja, matofali yako yamechomwa kwa nini, na anayejibu pumba akapunguziwa ada, miombo itapumua kidogo bila mgambo kukimbizana na mtu porini.

Joto ni la bati. Tuko nyuzi kama saba kusini mwa Ikweta, jua linapita karibu utosini, na bonde liko chini kuliko Mpanda mjini, kwa hiyo paa ndilo linaloingiza joto kubwa ndani. Bati jeupe au lisilopakwa rangi ya giza, dari, matundu ya hewa kwenye pembe za paa, madirisha yanayotazamana, upenu mrefu, na upande mfupi wa nyumba ndio utazame mawio na machweo: mambo hayo afisa anayaona kwenye ramani kwa dakika moja. Mfereji wa bati na simtanki vinaweza kuongezwa bila ubishi, maana mama wa nyumba atakuwa upande wa afisa.

Chemchemi za maji ya moto nazo zinahitaji nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa ziwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ina mamlaka juu ya vyanzo vya maji vya bonde hili. Mipaka hiyo ikiwekewa vigingi sasa, kabla ya mtu kuota hoteli ya maji ya moto, hakutakuwa na wa kulipwa fidia wala wa kubomolewa.

Haya yote yanarudi kwenye ramani ya nyumba. Nyumba nyingi zinazojengwa Majimoto ni za aina tatu au nne, zikizungushwa na fundi kutoka kichwani. Halmashauri inaweza kuwa na ramani hizo nne zilizochorwa vizuri mara moja, zenye msingi wa udongo wa mbuga, lenta ya kuzunguka na upenu, zilizoidhinishwa tayari. Anayechukua mojawapo asiulizwe michoro, aulizwe kiwanja tu. Kenya ilichukua mkondo wa kulegeza namna hii mwaka 1995, ilipokubali vifaa vya bei nafuu katika kanuni zake za ujenzi. Maombi yapokelewe kuanzia Machi, mpunga ukiwa bado shambani, ili Julai fedha ikiingia kibali kiwe mfukoni. Kwa waliokwisha kujenga, njia ni urasimishaji, ambao Wizara ya Ardhi imeushushia gharama. Kwa bei ya mchele, gharama hiyo ni sehemu ndogo ya mavuno ya mkulima wa kawaida.

Kinachobaki ni ukaguzi wa msingi, na huo unahitaji mtu kufika. Agosti na Septemba mashimo yanachimbwa Majimoto na kwa jirani zake Mamba, Usevya na Kibaoni kwa wakati mmoja, na fundi hawezi kuliacha shimo wazi wiki mbili akimngoja mkaguzi. Fundi mwenyewe anaweza kupiga picha ya mtaro wake ukiwa na futi kamba ndani na kuituma kwa simu, mkaguzi akaenda tu kwa mtaro unaotia shaka. Hata kwa huo mmoja atahitaji pikipiki na mafuta, na kwenye bajeti za halmashauri nyingi mafuta ya mkaguzi ndiyo yanayokatwa kwanza. Ada za vibali zinaingia kwenye akaunti ya mapato ya ndani pamoja na ushuru wa mazao. Madiwani wakikubali sehemu yake itengwe kwa ajili ya mafuta ya miezi hiyo miwili, iandikwe kwenye bajeti inayoanza Julai.